Gongo la Mkono wa Kushoto

Harufu ya mawese yaliyopashwa moto hunirudisha Rugenge, mtaa wetu wa kando ya ziwa, kwenye ua wetu, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi. Wengine wakiisikia hukumbuka sombe, kisamvu cha kwetu. Mimi namkumbuka baba akipaka magongo mafuta ili jua lisiyapasue. Alikuwa seremala. Wanaume wa mtaa walipoanzisha klabu ya mpira wa magongo, walikuwa na gongo moja tu la dukani, lililotoka Bujumbura. Baba aliliweka juu ya meza yake ya kazi, akachonga mengine kwa matawi ya mpera yaliyopinda yenyewe. Klabu nyingine za kandokando ya ziwa nazo zikaja kuagiza kwake. Yeye alitumia mkono wa kushoto, kwa hiyo gongo lake alilichonga kinyume: upande bapa, ule wa kupigia, ukawa kulia. Hakuna aliyejua kwamba sheria inakataza. Karibu magongo yote yalitoka mkononi mwake, nani angemsahihisha?

Kiangazi chote alifunga mabao. Walinzi walimngoja upande mmoja, yeye akapita mwingine. Mashabiki wa mtaa wa pili walimzomea, "Mushoto! Leo utakula bugali na mukono gani?" Naye alicheka, akaunyanyua ule ule wa kushoto. Mimi binti yake nilijiona mrefu kuliko mchikichi.

Mechi ya mwisho ilileta wageni kutoka ng'ambo ya mpaka, pamoja na mwamuzi wao. Kabla ya kuanza, mwamuzi, arbitri kama tulivyomwita, aliwaeleza manahodha kwamba magongo yote ni ya mkono wa kulia, hata kwa anayetumia wa kushoto. Nahodha wetu alirudi akamnong'oneza baba, nami nilikuwa pale nimeshika koti lake. "Weye nyamaza tu. Arbitri hataona. Bila weye tumekwisha." Baba aliligeuza gongo lake mara mbili. Kisha akavuka uwanja, akampa mwamuzi, akarudi mikono mitupu.

Alicheza na gongo la kuazima, kama mtu anayeandika kwa mguu. Karibu na mwisho mpira ulimjia mbele ya goli tupu, akapiga hewa. Tukafungwa moja bila. Njiani nilikataa kumbebea koti. Nikamwambia, "Papa, si ungenyamaza tu."

"Mutoto wangu, minye ndiye niliichonga. Arbitri angeweza kukosa kuiona. Minye ningekosaje?"

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Jioni ile niliona ya mkweli ni fupi zaidi. Nilimwona mjinga, na nilimwona hivyo miaka mingi. Sitalificha hilo.

Baba tumemzika mwaka huu. Uwanja ule ziwa lilipanda likauchukua. Mitumbwi hupita palipokuwa goli. Kwenye kilio, nahodha yule, sasa mvi tupu, aliwasimulia watu jinsi mwamuzi alivyomnyang'anya baba gongo na kutuibia ushindi. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma. Ilikuwa hadithi tamu, na nilipokuwa na miaka kumi ningeipokea kwa mikono miwili. Niliweka chini sahani niliyoshika.

"Hapana, mzee. Papa alimpelekea mwenyewe."

Nahodha akawageukia watu. "Ni kweli," akasema. "Na minye ndiye nilimwambia anyamaze."

Gongo lile, ambalo mwamuzi alimrudishia baba baada ya mechi, liko nyuma ya mlango wangu. Kiangazi hiki nimelipaka mawese. Kila nikilishika kwa mkono wa kulia, linanikataa.