Mama Zege na Zuio Aliloliomba Mwenyewe

Mimi nakodisha mirunda na mbao za kushikilia zege, na katika biashara hii unamjua mtu kwa namna anavyorudisha mali. Wapo wanaoirudisha imevunjika na kuapa kwamba waliichukua hivyo hivyo. Mama Zege huirudisha imesuguliwa, misumari yote imeng'olewa, kisha anataka punguzo kwa kuwa eti kanifanyia usafi. Tukianza kupatana bei, mate hutukauka sote wawili. Mteja wa namna hiyo hapotezwi.

Alianza kwa kubeba maji. Alikuwa na shingo ngumu na mdomo usiolala, na huku ndoo iko kichwani, macho yalikuwa kwa mafundi: nani anapima kokoto vizuri, nani anapunja saruji. Akatoka kwenye ndoo akashika koleo, kutoka koleo akashika mwiko, mwisho akaandikisha kampuni yake. Nyumba ya Mzee Sare, yule mwenye duka la kushona sare za shule, ndiyo ilikuwa ghorofa lake la kwanza.

Ngazi za zege zilishakauka, na sakafu ya juu ikamwagwa asubuhi moja watu wakiimba. Jioni Mzee Sare akaja na shemeji yake, ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku. Shemeji akasimama chini, akainua kidevu, akasema, "Ngazi kali hizi. Dada yangu na magoti yake ataishia kulala sebuleni."

Mzee akamgeukia Mama Zege hapo hapo. "Ngazi zivunjwe. Na atakayezijenga upya si wewe."

"Mzee wangu, umezipanda?"

"Nina macho."

Kesho yake alfajiri Mama Zege alikuwa kwa wakili. Wakili akamweleza kwamba mahakama inaweza kutoa zuio la muda, yaani mambo yasimame kwanza mpaka kesi isikilizwe. "Tuombe asibomoe ngazi na asilete mkandarasi mwingine. Inatosha?"

"Haitoshi. Huyu mzee ana shemeji. Andika pasifanyike kazi yoyote, na mtu yeyote, asiguse hata kokoto."

Wakili akaandika. Hakimu akatoa. Karatasi ikabandikwa getini, na Mama Zege akasimama mbele yake ametabasamu kama bibi harusi.

Jua likapanda. Tabasamu likashuka.

Zege bichi lazima linyweshwe maji siku zake za mwanzo. Ukiliacha na jua, linapasuka. Alikuwa ameifunga sakafu yake mwenyewe, na ufunguo uko kwa hakimu. Ikipasuka, ghorofa lake la kwanza ndilo lingekuwa la mwisho. Nani angempa jingine?

"Si umwagilie tu," nikamwambia. Nilikuwa nimekwenda kutazama mirunda yangu, maana nayo ilikuwa kifungoni chini ya zege lile.

"Amri nimeiomba mimi, niwe wa kwanza kuivunja? Shemeji yuko pale dukani anasubiri hilo hilo."

Mlinzi wa getini akachungulia angani. "Labda mvua. Mvua haijaletewa karatasi."

Wingu halikuwepo hata la kufutia kioo.

Nikaenda dukani. Mzee Sare alikuwa anakata kitambaa, shemeji kakaa kwenye cherehani.

"Mzee, lile zege likipasuka ni la nani?"

"La yule mama."

"La kwake mkononi, la kwako kichwani. Nani atalala chini yake?"

Mkasi ukasimama. Shemeji akafungua mdomo, mzee akamwambia, "Wewe shona kwanza."

Tukaenda mahakamani kwa gari langu, wagomvi wamekaa nyuma, kila mmoja anatazama dirisha lake. Mawakili wao wakaandika ombi la pamoja. Hakimu akalisoma, akavua miwani.

"Mama, wewe ndiye uliyetaka pasiguswe hata kokoto?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nilikuwa na hasira."

"Na wewe mzee unakubali amwagilie?"

"Mheshimiwa, zege lina kiu."

Karani akainamisha uso kwenye mafaili, mabega yanamcheza. Hakimu akarekebisha amri: umwagiliaji unaruhusiwa, asubuhi na jioni, pande zote mbili zikiwepo, ili asiwepo wa kusema mwenzake ameharibu kitu.

Pande zote mbili zikiwepo. Maana yake Mzee Sare apande ngazi.

Mara ya kwanza alipanda kama anaingia kwa daktari wa meno. Mama Zege alitangulia na mpira wa maji, wala hakugeuka kumsubiri. Jioni alipanda anaongea. Kesho yake akaja na kiti, kisha akaanza kumnyang'anya mpira. "Wewe unaacha kona ile, binti yangu."

"Kona ile nimeilowesha kabla hujaamka, mzee wangu."

Halafu akamleta mkewe. Mama yule akashika ukuta, akapanda, akapumzika kidogo katikati, akafika juu. Akatazama mtaa wote, mabati ya jirani, nguo zilizoanikwa.

"Nani alisema siwezi?"

"Kaka yako," akajibu Mzee Sare.

"Yule tangu utoto, hata kitandani hupandi bila yeye kukulaumu. Niwekeeni chuma cha kushikia, basi."

Wakapatana chuma pale pale, na mimi nikasimamia kupatana kwao, maana wote wawili walikuwa wanakosea bei. Kesi ikaondolewa, zuio likafa kifo chake. Muda ulipotimia nikachukua mirunda yangu, imesuguliwa, na punguzo likaombwa kama kawaida. Nikatoa, kiduchu.

Tukiwa tunapakia, maji yakatudondokea. Mzee Sare alikuwa juu, kwenye kiti chake, anamwagilia.

"Mzee wangu," Mama Zege akapaza sauti, "zege limeshashiba. Sasa utaotesha majani."

"Acha yaote," akajibu kutoka juu. "Huku kuna upepo mzuri."