Nondo ya Kengele

Hapa Nyakanazi ninapouza chai na maandazi, jirani yangu ni fundi tairi. Kila akigonga rimu kwa nyundo, mlio ule unaoingia mpaka kwenye meno, mimi narudi Ngara, darasa la nne.

Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi nje ya ofisi ya walimu, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Sisi wengine tuliipenda, maana ndiyo iliyotuletea mapumziko. Mdogo wangu Editha, aliyekuwa darasa la kwanza, ikilia aliziba masikio, akapiga yowe, akatoka mbio mpaka migombani. Nami niliitwa darasani kwangu kwenda kumtafuta, mara tatu au nne kwa siku, wenzangu wakicheka. Nilimpenda, lakini nakiri kuna siku nilimwonea aibu mpaka nikatembea mbele yake kana kwamba hatujuani.

Mwanzoni walimu hawakushtuka. Watoto wengi kwetu waliingia shule na Kihangaza tu, wakakaa kimya mpaka Kiswahili kiwakolee. Basi Editha alipokaa bila shikamoo, bila hata kumtazama mtu usoni, wakasema lugha bado, atazoea. Wenzake wakazoea, yeye akabaki vilevile. Hapo wakaanza kusema ni kiburi, na dawa ya kiburi ilikuwa fimbo. Hatimaye mwalimu mkuu akamwita mama. Niliwasikia walimu wakisema mtoto huyu hafundishiki, arudi nyumbani akachunge mbuzi.

Asubuhi ya siku ambayo mama alitakiwa kufika, nilifanya wizi wangu wa kwanza. Wenzangu wakiwa kwenye mchakamchaka, niliichukua nondo, nikaisokomeza ndani ya sweta, nikabana mkono ubavuni kama mwenye kichomi. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kengele isipolia, Editha hatakimbia, na mama atamkuta amekaa kama watoto wa watu.

Viranja walitafuta nondo mpaka wakachoka, wakawa wanapita madarasani kuita kwa mdomo. Editha alikaa. Alikaa asubuhi nzima, akajaza ukurasa kwa herufi a, zote za ukubwa mmoja. Mwalimu Kabula, Msukuma aliyekuja kutoka Shinyanga kufundisha darasa la kwanza, alisimama nyuma yake muda mrefu. Kisha akaja mlangoni mwa darasa letu, akanitazama nilivyokaa upande.

"Leokadia, njoo na hicho ulichokibana."

Nilijua nimekwisha. Nje walikuwa wamesimama mwalimu mkuu na mama, mama ameshika upindo wa kitenge chake kwa mikono miwili. Nilitoa nondo na kulia kabla sijaguswa. Mwalimu Kabula alimwita Editha.

"Mpe mdogo wako," aliniambia. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwalimu, naomba wiki moja. Kengele agonge yeye."

Mwalimu mkuu aliguna, lakini hakukataa. Editha akaikamata nondo, akaitazama rimu, akagonga. Nilifumba macho kusubiri yowe. Halikuja. Akagonga tena, kisha akarudi darasani kwa miguu yake mwenyewe, na mama akaketi palepale chini kama aliyetua mzigo wa kuni. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu Editha aanze shule.

Aligonga kengele ile mpaka darasa la saba, kwa dakika yake hasa. Siku moja mgeni kutoka wilayani alikuwa katikati ya hotuba, saa nne ikafika, Editha akagonga, na shule nzima ikaenda kunywa uji. Hakuna aliyemlaumu, maana hata walimu walikuwa na njaa.

Neno usonji, jina la hali aliyozaliwa nayo Editha, nililisikia nikiwa mtu mzima, redioni. Utotoni niliamini Mwalimu Kabula alimpa kazi ili atulie. Sasa naelewa: mimi nilikuwa nimemfichia kelele siku moja, mwalimu alimpa kujua inakuja lini, kila siku.

Siku hizi Editha anashona nguo Biharamulo. Akinitembelea hukaa nyuma ya meza yangu ya chai. Fundi tairi sikumweleza mengi, nilimwomba jambo moja tu. Naye kabla ya kushusha nyundo huinua mkono na kuita, "Dada, nagonga." Editha huziba masikio, rimu inalia, halafu anaendelea na chai yake.