Skrubu ya Bastola ya Majaribio

Jirani yetu hapa Liège hukusanya bastola za majaribio, zile za mwanzo kabisa kujipakia risasi zenyewe, na hagusi hata moja kabla ya kunawa mikono na kuvua pete. Huzifungua polepole, akizinong'oneza kama anayembembeleza mtoto. Jumapili iliyopita, kwenye maonyesho ya chama chetu cha wakusanyaji silaha za kale, alifungua ile aliyoipenda kuliko zote, akaiinua skrubu moja kwenye mwanga.

"Skrubu hii ni ya juzijuzi tu, na tundu lake limechongwa kwa kipimo hichohicho cha kisasa," akasema. "Bastola yenyewe ni bandia."

Rafiki yake Ghislain akamvuta shati. "Funga mdomo, bwana wee! Nani atajua?"

"Wewe umeshajua."

Kisha akachukua kalamu, akaukata kwa mstari mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya maelezo, akaandika: "Bandia. Fundi wake alikuwa hodari."