Mama Careen na Mipangilio ya Jumla

Ukitaka kumjua Xaveria, mwombe punguzo. Televisheni zake zote za mtumba kanunua kwangu, mwenye meza kule mnadani, na kila mara nimeondoka pale nikijiuliza ni nani kamuuzia mwenzake.

Banda lake la gemu liko Bagara, nyuma ya duka la pembejeo. Kabla ya gemu alikaanga chipsi, na kabla ya chipsi alipalilia maharage ya watu kule Dareda. Hakurithi hata jembe. Watu humwita Mama Careen, na wanazijua sheria zake: viatu nje, hakuna kukopa, hakuna "mimi ni ndugu yako". Hata Careen mwenyewe, bintiye anayeuza maharage mnadani, akitaka kucheza analipa.

"Ukimlegezea mmoja," husema, "kesho una foleni ya ndugu."

Mali yake kubwa ni kompyuta moja iliyochoka. Ndani yake fundi Wolfgang alipakia programu inayoigiza mashine za gemu za zamani, zile ambazo siku hizi huzipati hata kwa dawa. Kila mashine humo inaitwa mfumo: kuna mfumo wa mpira, kuna wa ngumi, kuna wa magari. Kuna mipangilio ya jumla inayotawala mifumo yote, halafu kila mfumo unaweza kupewa mipangilio yake wenyewe, na hiyo ya kwake ndiyo inayosikilizwa.

Kwa jumla, Wolfgang alipanga gemu likifungwa lijihifadhi, na likifunguliwa liendelee palepale lilipoachwa. Mpira tu ndio aliutenga, uanze mwanzo kila ukifunguliwa.

"Huu una kumbukumbu ya mechi, mama," alimwambia siku alipomaliza kuutenga, mechi chache zikiwa zimeshachezwa. "Kuna hali ya zamani, yaani gemu lilivyojihifadhi siku ile, ilibaki humu tangu mechi za mwanzo. Ikifunguka yenyewe, itarudi na kumbukumbu ya siku ile, na mpya itafutika. Kwa hiyo mpira usiuguse."

Lakini wakati huo Xaveria alikuwa anabishana naye malipo ya ufundi. Mtu anayepigania bei huwa hasikii habari za bidhaa. Nalijua hilo, ndiyo kazi yangu.

Na kumbukumbu ile haikuwa ya mchezo. Vijiwe viwili vya bodaboda, cha Singe na cha Nangara, vilikuwa vinagombea kona ya chini ya mnada, pale wanapotokea abiria wenye mizigo. Walishamwagana damu, kijana mmoja wa Nangara mpaka leo anachechemea. Mwishowe wakakubaliana wacheze mpira wa kwenye kompyuta msimu mzima, na kijiwe kitakachoongoza kichukue kona. Karatasi walizikataa, maana kila mtu huandika ya kwake. Mashine ihesabu ushindi yenyewe, nayo ikae kwa Mama Careen, asiyejua kupendelea. Kila kijiwe kikaegesha pikipiki moja uani kwake kama dhamana, na funguo zikaning'inizwa kwenye msumari juu ya televisheni. Tangu hapo mnada ukatulia.

Siku moja kabla ya mechi ya mwisho, Singe wakiwa wanaongoza, Marseli alikuja kufanya mazoezi. Huyu ndiye mwenyekiti wa kijiwe cha Nangara.

"Shikamoo, Mama Careen."

"Marahaba. Viatu."

"Nimevua, mama. Lakini mbona kwenye ngumi tunatoka kwa kitufe hiki, kwenye mpira kwa kile? Kwako nako kuna upendeleo?"

Alisema kwa utani. Xaveria hakucheka. Marseli alipoondoka, aliingia kwenye mipangilio, akakuta kweli mpira una ya kwake. Akaifuta yote, mpira nao ufuate ya jumla. Akajaribu kwenye ngumi tu, kitufe kilekile, akaridhika, akazima bila kuufungua mpira.

Kesho yake banda lilijaa, nami nilikuwemo. Kwa kawaida mpira huo huanza kwa muziki mrefu na picha za uwanja. Siku hiyo uliruka moja kwa moja kwenye kuchagua timu.

"Leo imekunywa kahawa!" mmoja akasema, wakacheka.

Wolfgang alikuwa mlangoni akifungua pedi ya kuchezea iliyokwama vitufe. Bisibisi ikasimama mkononi.

"Mama, uliugusa mpira?"

"Nyamaza, watu wanacheza."

Wakacheza. Sosthenes, mwenyekiti wa Singe, alishinda, na vijana wake wakamnyanyua juu. Mashine ikahifadhi. Kisha Xaveria akafungua ukurasa wa hesabu ili wote waone.

Nangara walikuwa mbele. Ushindi wa Singe wa karibu msimu mzima haukuwepo.

 

"Mama," Sosthenes akasema polepole, "ushindi wetu uko wapi?"

"Tulikubaliana mashine ndiyo iseme," Marseli akadakia. "Imesema."

Wolfgang akamwinamia Xaveria sikioni. "Sema umeme ulicheza."

"Umeme haukucheza," Xaveria akajibu kwa sauti, kila mtu akasikia. "Mimi ndiye niliyegusa. Jana. Nilitaka vitufe viwe sawa."

"Jana," Sosthenes akarudia. "Jana nani alikuwa hapa?"

Macho yote yakamgeukia Marseli.

"Anzeni upya," Xaveria akasema. "Msimu mpya, hamlipi."

Neno hilo halijawahi kutoka kinywani mwake. Ndilo lililowaharibu kabisa: kama Mama Careen anatoa bure, basi kuna kitu alikula.

Sosthenes akautazama msumari. "Tunaomba ufunguo wetu, mama."

Akampa. Marseli naye akanyoosha mkono, akapewa wa kwake. Wakavaa viatu bila kusemezana, wakazitoa pikipiki zile mbili uani, na wote wakaelekea upande mmoja, upande wa mnada, ingawa Singe na Nangara haziko huko.

Careen alikuwa barazani akifunga magunia ya kesho.

"Fungua hayo," mama yake akamwambia. "Mnadani huendi. Utauzia hapa nyumbani."

"Bei ya nyumbani ni hasara, mama."

"Najua."

Miaka yote niliyomfahamu, sijawahi kumsikia Xaveria akikubali hasara bila kubishana. Na mimi nikaenda kukunja turubai la meza yangu ya kule mnadani.