Samaki wa Foili Kwenye Mpunga wa Bi Siwema

Mimi usanii nimejifunzia kwenye simu. Bando likikata, na elimu inakata. Na kwa elimu hiyo nikaenda Rudewa kumfundisha Mwalimu Odilia namna ya kufundisha. Mama wa watu yuko chekechea tangu mimi nalilia pipi.

Odilia ni mzaliwa wa Lumuma, kaolewa Rudewa, ana subira ambayo mimi sina. Shida yake moja: mpunga ukianza kuiva, darasa linapukutika. Watoto wanapelekwa kuamia, kufukuza ndege shambani. Mwaka jana mwanafunzi wake mmoja, Shamimu, alimaliza msimu mzima huko, akarudi hata herufi za jina lake kazisahau. Akipotea tena mwaka huu, darasa la kwanza atalisikia tu kwa wenzake. Na bibi yake, Bi Siwema, alishasema Jumatatu anamchukua.

Nikamwambia Odilia asihofu, mtoto akiipenda shule habanduki. Nikatoa foili, ile ya kufungia chipsi. Kazi nyepesi: unakata umbo la samaki kwenye boksi, unamvika foili, unamchora magamba kwa kijiti butu. Watoto walielewa kabla sijamaliza hotuba. Mimi nikatengeneza simba wa maonyesho. Shamimu akauliza kwa huruma kama huyo mbuzi anaumwa. Nikampa huyo simba aende naye nyumbani pamoja na samaki wake, nikarusha picha mtandaoni kwamba nimeokoa elimu.

Jumatatu Shamimu hakuja.

Odilia hakunilaumu. Alijifunga kanga akasema twende shambani. Njiani nikapanga hotuba kali kuhusu haki za mtoto.

Bi Siwema tulimkuta juu ya dungu, kile kichanja cha kuamia ndege, mjukuu pembeni. Tukampa shikamoo, akaitikia, na hotuba yangu ikaishia hapo. Kwenye mpunga, samaki wa Shamimu alikuwa ananing'inia kwenye kamba, upepo ukimgeuza anamulika kama kioo. Ndege wakija upande ule, wanageuza kwenda kwa jirani. Bi Siwema akaeleza kwamba mtoto aligoma kuja bila samaki wake, ndiyo akamtundika. Zamani walifunga utepe wa kaseti kutishia ndege, lakini kaseti za kupata wapi siku hizi?

"Mwalimu, niletee wengine kama huyu, mtoto mchukue," akasema. "Samaki hasinzii wala haombi uji."

Odilia hakusubiri.

"Atakutengenezea mwenyewe, mama. Ila darasani."

Bi Siwema akacheka, akamshusha mjukuu.

Ndege watazoea, najua. Odilia naye anajua, ndiyo maana kila wiki darasa linatengeneza samaki wapya, na kila mtoto anachora jina lake tumboni mwa samaki. Wa Shamimu ana herufi zote.

Simba wangu naye siku ile alikuwa ametundikwa, kona ya mwisho ya shamba. Ndege wawili walikuwa wamemkalia mgongoni, wametulia kabisa. Bi Siwema akamfungua, akanipa mkononi.

"Mjukuu wangu, huyu mbuzi nenda naye."