Gari Lililotetemeka Kuanzia Themanini

Chini ya kilomita sabini kwa saa, gari lile lilikuwa na adabu kuliko mimi. Likifika themanini lilianza kutetemeka. Likifika tisini, mama, aliyekuwa akiishi nami Runyenjes nilikofundisha, alishika mlango kwa mikono miwili na kuanzisha wimbo wa kanisani. Kila Jumamosi ya pili nilimpeleka Meru kwa daktari wa miguu, na mama hakuwa mtu wa kuimba ovyo.

Gari nilikuwa nimelinunua kwa rafiki yangu, mkulima wa kahawa upande wa Meru. Rafiki ni neno dogo. Ukoo wao na wetu ni gichiaro: mababu walikula kiapo cha udugu, na tangu hapo mtu wa kule hamdanganyi mtu wa huku, wala hamnyimi akimwomba jambo. Anayevunja huandamwa na mabaya, yeye na watoto wake. Sisi tuliosoma tunacheka mambo mengi ya wazee, lakini hilo sijaona msomi akilicheka. Tulipomzika baba, rafiki huyo alishika sepetu kabla ya ndugu zangu wa tumbo moja.

Kwa hiyo sikulikagua gari. Mtu mwingine angekuja na makanika alale chini yake na tochi. Mimi niliona hayo ni matusi, na mama akaniunga mkono. Siku ya kulichukua sikumkuta mwenyewe nyumbani. Mkewe, mzaliwa wa Embu, mcheshi, aliniambia mumewe ameitwa kwenye kiwanda cha kahawa, akanipa chai na viazi vitamu. Nikauliza, nusu mzaha, kama gari limewahi kugongwa.

"Aka, mwalimu! Hii haijawahi hata kuguswa."

Nikamaliza chai yangu, nikachukua funguo.

Mtetemo ulipoanza kunisumbua, kwanza nilizilaumu tairi. Nikaenda Embu mjini, magurudumu yakawekwa kwenye mtambo mmoja mmoja, yakagongelewa vyuma vidogo vya kusawazisha uzito. Nikarudi nikijipongeza. Nilipopita Karurumo nikakanyaga mafuta, na kabla sijafika nyumbani pongezi zilikuwa zimekwisha. Wiki iliyofuata nikanyooshewa magurudumu ya mbele. Hakuna kilichobadilika.

Nikampigia simu rafiki yangu kumweleza. Akacheka, akasema barabara zetu ndizo mbovu. Nikacheka naye. Hicho kicheko changu ndicho kinachoniuma mpaka leo.

Mwishowe nikaelekezwa kwa fundi mmoja wa Majengo, pale Meru, mzee wa kofia nyeupe ambaye gereji yake ilikuwa nyuma ya bucha. Nilimwacha mama hospitalini, nikaenda kwake. Hakugusa gari. Aliniuliza maswali kama daktari.

"Inatetemekea wapi, mwalimu? Kwa usukani ama kwa kiti?"

Sikuwa nimewahi kufikiria. Akaingia, tukatoka naye kwenye barabara kuu. Kwa tisini akaniambia nilegeze mikono. Usukani ulikuwa umetulia. Matako yetu ndiyo yaliyokuwa yakicheza. Akaniambia niondoe gia, niweke nyutro, gari lijiendee lenyewe. Likaendelea kutetemeka. Kwa hiyo si injini, akasema. Nikashika breki kidogo, mtetemo haukuzidi. Breki nazo ziko sawa. Tuliporudi akahamisha magurudumu ya nyuma kuyaleta mbele, tukatoka tena, na mtetemo ukabaki pale pale chini ya kiti. Mimi, mwalimu wa hesabu, nilikuwa nimekaa miezi mitatu nikibahatisha, na mzee huyu alilipata jibu kwa kuondoa kimoja kimoja.

"Ni propela," akasema.

Propela ni ule mti mrefu wa chuma unaopita chini ya gari, unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Akaingia kwenye shimo la gereji chini ya gari, akaifungua, akaitoa juani. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi. Akaikwangua kwa kisu katikati. Akakwangua tena. Chini ya rangi kulikuwa na pete nene ya chuma kilichochomelewa.

"Mwalimu, nitakwambia ukweli kwa sababu Mungu ananiona. Gari sikulikumbuka, lakini hii kazi ni yangu."

Akanieleza. Gari lililetwa kwake likivutwa na lori, limepanda kalvati likapigwa tumboni, propela imepinda. Alimwambia mwenyewe inunuliwe nyingine, kwa sababu iliyonyooshwa na kuchomelewa haitaenda mbio bila kutikisika, na siku moja inaweza kukatika. Mwenyewe akasema achomelee tu, apake rangi, gari linauzwa. Nilimuuliza huyo mwenyewe alikuwa nani. Akaeleza sura, sauti, na kidole kilichokatwa na mashine ya kahawa. Sikuhitaji jina.

Nilijua gari lenyewe lingepona. Fundi alipata propela nzima siku ile ile, akaifunga, na mtetemo ukaisha, ingawa jioni hiyo nilimrudisha mama polepole. Kilichonitia baridi ni kwamba mama alikuwa amekaa juu ya chuma kile miezi mitatu, na aliyekijua alikuwa akicheka kwenye simu.

Jumatatu nilimwendea. Nilimkuta akipogoa kahawa. Nikamuuliza, mimi na yeye, bila mtu mwingine: ulijua?

"Nilijua," akasema papo hapo. Hakuweza kunidanganya. Kisha akaongeza, bila haya: "Lakini mwalimu, mimi uliniuliza lini? Mimi nilikuwa factory."

Hapo nikaelewa. Kiapo alikiogopa sana. Alikiogopa kiasi cha kuondoka kwake mwenyewe ili mdomo wake usiseme uongo, akamwachia kazi hiyo mkewe, mzaliwa wa ukoo mwingine, ambaye damu yake haikufungwa na kiapo chetu. Kuhusu barabara mbovu pia hakudanganya. Barabara zilikuwa mbovu kweli. Nilitamani kumpiga. Angenidanganya kama mwizi wa kawaida, ningemsamehe mapema zaidi.

Nikamwambia nawapelekea wazee kesi hii. Akaweka makasi chini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nakuomba kama gichiaro. Usiambie mtu. Hata mama."

Alinitazama akijua kabisa anachofanya. Nilisimama pale nikitafuta namna ya kukataa, nami sikuipata, kwa sababu mimi ni mjinga wa aina ile ambayo bado inaheshimu kiapo. Nikaitika.

Safari iliyofuata ya daktari tulipita tisini na mama hakushika mlango. Akauliza lilikuwa na nini. Nikamwambia ni tairi. Alifurahi sana. Tukiwa njiani kurudi akaniambia nisimame sokoni, akanunua mkungu wa ndizi, akasema tumpelekee ndugu yetu, maana ametupa gari zuri na sisi tulianza kulinung'unikia.

Niliubeba mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Aliupokea kwa mikono miwili, akaenda garini kumwombea mama miguu ipone.