Mtu wa Pwani Aliyeogelea kwa Miguu

Mume wangu aliondoka Pangani akiwa juu ya mabega ya mpagazi. Alikuwa mtoto wa miaka mitatu hivi, na baba yake alikuwa akienda Unyanyembe na msafara wa nguo na shanga. Kutoka huko walikuja Karagwe, wakafungua duka Bugene, na hakuiona bahari tena. Hata hivyo, ungemkuta dukani akipima kitambaa cha merikani ungedhani ametoka kuoga baharini asubuhi ile. "Sisi watu wa pwani," ndivyo alivyoanza karibu kila habari. Sisi watu wa pwani hatuli ndizi kutwa mara mbili, alisema, na jioni alikula sahani mbili. Mimi niliyezaliwa hapa hapa, kwa mama Mnyambo, nilimwacha aseme. Ndoa yetu ilikuwa changa, na maneno yale yalimpendeza sana.

Juu ya yote alijisifu kwa kuogelea. Wateja waliokuja kununua chumvi walielezwa namna mtu anavyokata mawimbi, mkono huu kisha mkono ule, naye akiwaonyesha akiwa nyuma ya meza.

Kisha dada yake akaja. Huyu alikuwa mkubwa wake, wa tumbo moja, aliyeachwa Pangani kwa bibi yao siku baba alipoondoka. Sasa alikuwa mjane. Alipanda gari moshi Mombasa, akavuka lile Ziwa kuu kwa meli mpaka Bukoba, halafu akatembea hadi kwetu na mzigo mmoja wa nguo. Wiki za mwanzo zilikuwa nzito. Kaka na dada walisalimiana kwa adabu kama mgeni na mwenyeji, wakaulizana habari za watu waliokwisha kufa. Wifi yangu hakucheka hata kidogo. Siku moja aliniuliza watu wa hapa huoga wapi. Nikampeleka kwenye kijito kilicho chini ya migomba yetu. Alisimama akayatazama yale maji yaliyomfika kwenye vifundo vya miguu, kama mtu aliyekaribishwa chakula akakuta sufuria imekwisha kukombwa.

Jioni ile aliuliza kama Karagwe nzima haina maji ya kumfika mtu shingoni. Fundi wetu wa kushona, aliyekuwa akifanyia kazi barazani petu, akajibu kwa upole kwamba ziwa lipo, Rwakajunju, mwendo wa nusu siku tu, na kwamba mwenye duka amekuwa akituahidi miaka yote kutuonyesha kuogelea kwa watu wa pwani. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyeingoja siku hiyo kwa subira kubwa.

Mume wangu alisema duka haliwezi kufungwa.

"Lifunge," dada yake akasema.

Tukaondoka Ijumaa baada ya sala. Tulikuwa watano: sisi watatu, fundi na mwavuli wake, na jirani yetu Mnyambo, mama wa makamo aliyekuwa na kaka yake mvuvi kule ziwani. Tulibeba ndizi za kuchoma, maharage na kibuyu cha maji ya ndizi. Njiani mume wangu alieleza mara kadhaa kwamba maji ya ziwa si kama ya bahari, hayana chumvi, kwa hiyo hayambebi mtu vizuri.

Yule mvuvi alitupokea vyema, tukalala kwake. Asubuhi alipoambiwa tulichofuata, alimwuliza jirani yetu, dada yake, kwa Kinyambo swali refu. Jirani akamtafsiria wifi: anauliza mmepoteza nini humo majini. Alipoelewa kwamba hatukupoteza kitu, alitikisa kichwa, akatuonyesha upande wenye viboko tusikokwenda, na upande ng'ombe wanakonyweshwa, ambako ni salama.

Wanaume wakabaki pale ng'ombe wanaponyweshwa. Sisi wanawake tukapita nyuma ya mafunjo, hatua chache tu kutoka kwao. Wifi akajifunga kaniki kwa nguvu, akaingia, akatoweka. Mimi nikaanza kuita. Alipoibuka alikuwa mbali, nywele zimemlala usoni, na alikuwa anacheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukisikia kicheko chake. Kilikuwa kikubwa kuliko mwili wake.

Alirudi kwetu, tukachungulia pamoja katika uwazi wa mafunjo. Mume wangu alikuwa majini hadi kifuani, akitupa mkono huu kisha mkono ule, kichwa amekiinamisha upande kwa madaha. Fundi, ukingoni, alikuwa akimsifu. Wifi alimtazama kwa muda.

"Wifi," akaninong'oneza, "mbona matope yanamfuata?"

Kweli, nyuma yake maji yalikuwa yamechafuka, mstari mrefu wa rangi ya udongo. Mume wangu alikuwa anatembea. Nilicheka mpaka nikakaa kitako majini, na jirani yetu akalazimika kunishika mkono nisimezwe.

Tulikuwa bado tunacheka alipokanyaga shimo. Kichwa kilizama, mikono ikabaki juu, kisha nayo ikazama. Fundi alidhani ni mtindo mwingine wa pwani, akasema mashallah. Wifi alikuwa amekwisha kuondoka. Alipasua mafunjo, akamfikia, akamshika kwapani, akamburuta hadi kwenye majani. Nilipofika alikuwa anatapika maji, na hakuna aliyekuwa na kicheko tena. Fundi, kwa heshima ya wanawake walioloa, aligeuka akaketi kuukabili mlima, mwavuli ameufungua.

Mume wangu alijipangusa uso. Halafu akasema, bila kumtazama mtu, "Baba aliniondoa kabla sijajifunza."

"Najua," dada yake akajibu. "Siku ile nililia ufukweni mpaka bibi akanibeba. Nilikuwa nimekuahidi kukufundisha."

Akasimama, akamnyoshea mkono. Nilidhani atakataa, maana ni mtu wa kiburi, lakini alimfuata. Maji yalipowafika kiunoni, wifi akaweka viganja viwili chini ya mgongo wa mdogo wake.

"Lala. Nimekushika."

Alilala. Masikio yalizama, macho ameyafumba kwa nguvu, mdomo ameubana kama mtoto anayeogeshwa. Baada ya muda nikaona viganja vya wifi viko juu ya maji, vyote viwili. Mume wangu alikuwa anaelea peke yake, na hakujua. Sisi sote tulijua, hata fundi, aliyekuwa akigeuka geuka kidogo. Hakuna aliyemwambia.

Jumapili tulirudi kwa kufuata ukingo wa ziwa, kisha tukapanda mlima tuliouteremka tulipokuja. Hapo ndipo wifi alipoishiwa nguvu. Pangani ni tambarare, naye hakuwahi kuona sababu ya njia kwenda juu. Katikati ya mlima aliketi juu ya jiwe, akatangaza kwamba tumletee chakula hapo hapo, ndipo atakapohamia. Jirani yetu alimfunga kanga kiunoni akamvuta kutoka mbele, mume wangu akamsukuma mgongoni, na wote watatu walikuwa wakibishana, kwa Kiswahili na kwa Kinyambo, mpaka kileleni.

Wifi alikuwa amepanga kurudi pwani mvua zikikatika. Zilipokatika alisema miguu yake haijapona ule mlima. Masika yaliyofuata alisema vilevile, na kwa kuwa fundi ndiye aliyeuliza hali ya miguu ile kila siku, hatukushangaa alipokuja kumposa.

Wifi aliwafundisha wanangu wote kuogelea, mmoja mmoja, katika ziwa lile. Mimi naishia maji yanapofika tumboni, na pananitosha.